Dozi ya ADHD haitoki kwenye mizani

Kazi yangu ni kuandika programu, si udaktari. Lakini historia ya dawa za ADHD, ile hali ya mtu kushindwa kutulia au kushikilia umakini, ina somo ambalo mtu wa kompyuta atalielewa haraka: usikisie namba, pima.

Mwaka 1937, huko Rhode Island, Marekani, Daktari Charles Bradley aliwapa watoto 30 Benzedrine, aina ya amfetamini. Karibu nusu yao wakabadilika sana darasani. Mwaka 1944 mwanakemia Leandro Panizzon wa kampuni ya Ciba, Uswisi, akatengeneza methilifenidati, iliyokuja kuuzwa kwa jina Ritalin, kutokana na Rita, mkewe.

Sasa, mtu apewe kiasi gani? Njia rahisi ilikuwa kuzidisha kilo za mgonjwa kwa miligramu. Mwaka 1977 Sprague na Sleator walichapisha jambo la kushangaza kwenye jarida la Science. Watoto waliopewa miligramu 0.3 kwa kila kilo walijifunza vizuri zaidi. Kwa miligramu 1, walimu waliwaona wametulia zaidi, lakini kujifunza kukashuka. Yaani dozi inayomfurahisha mwalimu siyo lazima imsaidie mtoto!

Watu wazima walisahaulika, kwani iliaminika kwamba hali hii huisha utotoni. Paul Wender na wenzake huko Utah walichapisha utafiti juu yao mwaka 1976. Mwaka 1995 Thomas Spencer na wenzake wa Boston waliwapandishia watu wazima 23 dozi pole pole hadi miligramu 1 kwa kilo. Asilimia 78 walipata nafuu. Kwa vidonge visivyo na dawa, asilimia 4 tu.

Leo inajulikana kwamba uzito wa mtu mzima hautabiri dozi yake. Daktari huanza na kiasi kidogo, hupandisha hatua kwa hatua, huku akipima presha na mapigo ya moyo, na kuuliza habari za usingizi, hamu ya chakula na kazi. Nafuu ikitosha, anasimama hapo.

Kwa hiyo, ndugu yangu, usimeze kidonge cha rafiki ili umalize kazi usiku. Hata mkiwa na kilo sawa, namba yake si yako, na moyo unaopimwa ni wako.