Kushupaa kwa Metali: Alama ya Gololi Inasema Nini

Chukua waya wa shaba, ulainishe kwa moto, uache upoe, kisha uukunje na ujaribu kuunyoosha kwa vidole. Utanyooka huku na huku, lakini pale palipokunjwa patabaki kibyongo. Sehemu hiyo imekuwa ngumu kuliko jirani zake kwa kukunjwa tu, bila kuchovywa majini. Hali hiyo napendekeza tuiite kushupaa.

Tukiandika “ugumu” peke yake, tunachanganya mambo mawili. Ugumu ni kiasi metali inavyokataa kubonyea sasa hivi. Kushupaa ni jinsi ukaidi huo unavyozidi kadiri metali inavyofuliwa, kuvutwa au kukunjwa. Anayeshupaza shingo huzidi kukaza kila anaposukumwa, na kitenzi hicho tayari kimebeba maana tunayoitaka.

Mwaka 1900 mhandisi wa Sweden, Johan August Brinell, alitangaza njia ya kupima ugumu kwa kugandamiza gololi ya feleji juu ya metali na kupima alama inayobaki. Mwaka 1908 mtafiti aitwaye Meyer, huko Ujerumani, aliona kwamba mizigo tofauti hufichua zaidi. Kwa gololi ileile, ukitaka kipenyo cha alama kiwe mara mbili, metali iliyokwisha kushupaa hudai nguvu takriban mara 4. Iliyolainishwa kwa moto hudai karibu mara 5.7, maana inashupaa papo hapo chini ya gololi. Hata ukingo wa alama hutoa ushahidi: kwenye metali iliyoshupaa huinuka kama tuta, kwenye laini huelekea kudidimia.

David Tabor wa Cambridge, katika kitabu chake cha 1951, alikwenda mbali zaidi. Gawanya shinikizo la wastani chini ya gololi kwa takriban 3, utapata mkazo unaoikunja metali. Na kadiri alama inavyopanuka, ndivyo mkazo huo unavyohusu metali iliyobadilishwa umbo zaidi. Alama kadhaa huchora mkondo mzima wa kushupaa, bila kukata kipande cha kuvutwa mashineni. Piramidi ya almasi, inayotumiwa badala ya gololi katika njia ya Vickers, haiwezi hivyo, kwa kuwa umbo la alama yake halibadiliki kwa kina chochote. Hutoa nukta moja tu.

Kwa hiyo, walimu na mafundi wa maabara, ripoti inayotaja kushupaa ionyeshe alama kadhaa za gololi, kila moja na mzigo wake. Namba moja ni ugumu tu.