Kuelewana na Uraia: Majina Mawili ya Somo la Ireland ya Kaskazini

Mfasiri wa kitabu cha vyuo vya ualimu alituletea mswada wenye swali moja. Kitabu kinahusu mafunzo ya kiraia katika nchi zilizogawanyika. Katika sura ya Ireland ya Kaskazini yametajwa majina mawili ya somo, moja la mwaka 1992 na jingine la mwaka 2007, naye yote mawili ameyaita "Elimu ya Uraia". Aliuliza kama amekosea. Naam, amekosea; lakini kosa lake lastahili kuelezwa, maana tofauti ya majina hayo ndiyo historia yenyewe.

Kisiwa cha Ireland kiligawanywa mwaka 1921, na sehemu ya kaskazini ikabaki chini ya Uingereza. Wengi wa Waprotestanti walitaka ibaki hivyo. Wengi wa Wakatoliki walitaka kisiwa kizima kiwe nchi moja. Watoto hawakusoma pamoja: kwa kawaida Wakatoliki walikwenda shule za kanisa lao, na Waprotestanti shule za serikali. Hapa mfasiri ajihadhari na maneno "vita vya dini". Majina ya pande hizo ni ya madhehebu, lakini kilichogombewa hakikuwa Misa wala ubatizo, bali mtu ni wa dola ipi. Ugomvi huo, uliowaka mwishoni mwa miaka ya 1960, uliua watu wapatao 3,500 katika muda wa miaka thelathini.

Mwaka 1981 wazazi wachache wa Belfast walifungua Lagan College, sekondari iliyokusudiwa watoto wa pande zote. Walianza na wanafunzi 28. Shule za namna hiyo zimeongezeka, lakini hata leo watoto walio wengi husoma mbalimbali. Kwa hiyo jambo ambalo halikuwezekana kwa kuwachanganya wanafunzi lilitafutiwa nafasi katika mitaala. Sheria ya elimu ya mwaka 1989 iliweka mada ya kupitishwa katika masomo yote, nayo ikawa ya lazima mwaka 1992. Iliitwa Elimu ya Kuelewana.

Kwa nini haikuitwa uraia? Kwa rai yangu, neno hilo lingezusha swali papo hapo: raia wa nani? Mwalimu asingeweza kulijibu bila kuegemea upande. Kuelewana hakukumdai mtu ataje dola yake. Lakini wepesi huo ulikuwa na gharama. Shule zilitembeleana, watoto wakacheza na kwenda safari pamoja, kisha kila mmoja akarudi kwake. Walimu wengi waliikwepa siasa iliyowatenganisha. Ndiyo sababu nashauri "kuelewana" wala si "maelewano". Maelewano ni tunda, hali iliyokwisha kupatikana. Kuelewana ni kazi ambayo bado inatendwa, na pengine haitafika mwisho.

Mkataba wa tarehe 10 Aprili 1998 ulibadili mambo. Ulitambua haki ya kila mzaliwa wa huko kujitambulisha kuwa wa Ireland, wa Uingereza, au wa kote kuwili, na kuwa na uraia wa nchi zote mbili. Tangu hapo neno lililoogopwa liliweza kutamkwa darasani. Mtaala wa mwaka 2007 ukaleta somo la Uraia wa Mahali na wa Ulimwengu. Msomaji atazame vizuri jina hilo: limetaja mahali, likataja ulimwengu, na katikati, palipotazamiwa taifa, pamerukwa. Mfasiri wetu alipendelea kuandika "Uraia wa Nyumbani" kwa kuwa lasikika vizuri zaidi. Nakiri kwamba "mahali" ni neno kavu. Lakini "nyumbani" kwa Kiswahili huweza kuwa nchi ya mtu, na kwa mlango huo taifa lingerudi kimyakimya mahali lilipoachwa wazi.

Sisi hatusikii mwiba katika neno hili. Tanzania, baada ya vyama vingi kuruhusiwa mwaka 1992, somo la Siasa lilipisha somo la Uraia, na hakuna aliyeuliza ni uraia wa nchi gani.

Limebaki neno "Mwingereza". Kwetu Uingereza ni dola nzima na pia ni nchi moja ndani ya dola hiyo. Mprotestanti wa Belfast ajivuniaye dola yake atashangaa kuitwa Mwingereza, kwani kwake huyo ni mtu wa ng'ambo ya bahari. Tumemshauri mfasiri aandike "raia wa Uingereza", japo ni maneno mengi. Kuhusu "jamii" hatujaafikiana. "Jamii mbili" yaonyesha kana kwamba ni nchi mbili; "pande mbili" yafanana mno na lugha ya vitani. Mswada umerudishwa kwake na neno hilo limezungushiwa duara kwa kalamu ya risasi.