Usikivu

Mbunge akilalamika kuwa usikivu wa redio jimboni kwake ni hafifu, ana maana mawimbi hayafiki. Mwalimu akisifu usikivu wa mtoto, mawimbi hayamo. Wanaotuuzia muziki wa ubora wa juu, wenye sampuli 96,000 kwa sekunde, wanauza usikivu wa mbunge tu. Sidi huchukua sampuli 44,100, nazo zatosha kubeba mitetemo 20,000 kwa sekunde, ukomo wa sikio la kijana (langu lilishashuka). Ndani ya daladala hutaona tofauti. Usikivu wa mwalimu ni kitu kingine: mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad alirekodi Bombay mwaka 1928. Santuri zinakwaruza, na watu bado hunyamaza wamsikilize. Kabla ya kulipia zaidi, badilisha kwanza hizo hedifoni za elfu tatu.