Dirii za Kericho: kutoka ngozi ya nyati hadi povu la mkeka

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, jua likiwa bado nyuma ya msitu wa Mau, simama kando ya barabara yoyote ya chai kati ya Kapkatet na Mogogosiek, utawasikia wachumaji kabla hujawaona. Ni mlio wa plastiki. Aproni ndefu zinasuguana na gambuti, hatua kwa hatua, mpaka watu wenyewe wajitokeze kwenye ukungu, vikapu mgongoni, vichwa vimefungwa. Kichaka cha chai hukatwa kikabaki cha kufika kiunoni, na matawi yake yamesongamana, magumu kama waya. Mchumaji huingia humo akisukuma kwa nyonga kutwa nzima, akitafuta majani mawili na chipukizi. Bila aproni angelowa umande mpaka kwenye ngozi kabla majani hayajafunika sakafu ya kikapu, na kufikia mchana sketi ingekuwa imechanika mapajani.

Naanzia kwenye aproni kwa sababu ya mpwa wangu wa kidato cha pili. Mwaka jana aliniletea picha ya askari wa sayari ya mbali, amefunikwa magamba meusi kuanzia kisogoni hadi vidole vya miguu, akaniambia, "Mjomba, nataka tuitengeneze hii hapa nyumbani." Nikamjibu kwamba Kericho hatuna mambo hayo. Nilikosea, tena kwa zaidi ya miaka mia moja.

Wakipsigis, wenyeji wa huku, kama ndugu zao Wanandi na majirani zao Wamasai, hawakuvaa dirii za chuma. Walibeba long'et, ngao ndefu ya ngozi ya nyati. Ngozi ikilowa hutii. Ikikauka haisikii la mtu. Fundi wa ngao alikuwa na kipindi kifupi katikati ya hali hizo mbili, ngozi ingali na unyevu, kuivuta, kuitandaza na kuipinda ipate mbinuko wa kuteleza mkuki. Kwa Wamasai ukingo ulishonewa fito, mshikio wa mti ukapita katikati, kisha uso ukapakwa rangi nyekundu, nyeupe na nyeusi. Michoro hiyo, sirata, ilimweleza mtazamaji aliye mbali kwamba mbebaji ni wa kundi gani.

Mwaka 1905 ngao ilipoteza kazi yake. Waingereza waliwashambulia Wakipsigis wa Sotik, eneo ambalo leo liko kaunti ya Bomet, na tarehe 19 Oktoba mwaka huohuo afisa wa Kiingereza, Richard Meinertzhagen, akamuua kiongozi wa Wanandi, Koitalel arap Samoei, siku waliyokuwa wamepanga kukutana kuzungumzia amani. Ngozi ya nyati haizuii risasi. Ngao zilizosalia zikaishia ukutani, nyingine katika makumbusho ya Ulaya.

Miaka ishirini baadaye, kwenye vilima vilevile, kampuni za Brooke Bond na James Finlay zilikuwa zinapanda chai. Watu wakaletwa kutoka pande zote, wakajaa kwenye laini, yaani nyumba za wafanyakazi wa mashamba, na hapo ndipo vazi jipya la kujikinga lilipohitajika. Ukitaka kulielewa, usiliangalie likiwa limetundikwa msumarini. Liangalie likivaliwa. Kamba ya juu hufungwa chini kidogo ya kwapa, si shingoni, kwa sababu mikono lazima iende mbele na pembeni maelfu ya mara kwa siku. Pindo hushuka hadi juu kidogo ya kifundo ili maji yatiririkie nje ya gambuti. Likipanda juu zaidi, maji yote huingia ndani ya buti. Wakulima wadogo wanaopeleka majani yao kwenye viwanda vya Litein, Kapset au Kapkoros mara nyingi wamejikatia aproni zao wenyewe, kutoka kwa nailoni nzito au gunia la mbolea lililopasuliwa likaoshwa. Hakuna ruwaza ya kununua dukani. Mama humpima binti kwa mkono, anakata, anamvalisha, anamwambia ainame, anakata tena.

Hilo la kuinama ndilo tulilolisahau mimi na mpwa wangu.

Tulianza na katoni, kwa sababu katoni ndiyo historia ya dirii ninayoijua kwa mwili wangu mwenyewe. Mtoto yeyote aliyepita shule ya Jumapili huku, ambako misheni za Litein na Tenwek zina mizizi mirefu, anajua maneno dirii, chapeo na ngao kutoka Waefeso sura ya sita hata kabla hajakutana nayo darasani. Na kila Pasaka lazima wapatikane askari wa Kirumi. Nilikuwa askari wa Kirumi mara mbili. Dirii yangu ilikuwa boksi la mafuta ya kupikia lililopakwa rangi ya fedha, na chapeo ilikuwa na ufagio wa plastiki juu. Lakini Pasaka huja wakati wa masika, na Kericho mvua haimwogopi Kaisari. Mara ya pili tulifika Golgotha dirii zikiwa uji.

Kwingineko duniani mchezo huu wa kujivika mavazi ya hadithi una tarehe zake. Julai 1939, mjini New York, kulifanyika kongamano la kwanza la kimataifa la wapenzi wa hadithi za sayansi. Forrest Ackerman aliingia amevaa vazi la mtu wa siku zijazo, lenye joho, na magazeti ya mchezo huo yakamkumbuka yeye. Aliyelibuni na kulishona ni Myrtle Douglas, naye pia alikuwepo amevaa lake. Imechukua miongo mingi jina la mshonaji kuwekwa mbele. Ukiwauliza wanawake wa laini nani alishona aproni ya nani, watakutajia bila kusita, ila hilo halijawahi kuandikwa popote.

Halafu ikaja sinema. Star Wars ya mwaka 1977 iliwavisha askari wake magamba meupe ya plastiki. Karatasi ya plastiki ilipashwa moto mpaka ikalegea, ikafyonzwa juu ya umbo, ikapoa ikiwa na sura mpya. Ni ujanja uleule wa ngozi ya nyati, ila hapa moto umechukua nafasi ya maji. Andrew Ainsworth, Mwingereza aliyezitengeneza zile chapeo karakanani kwake, baadaye alianza kuuza nakala, akashtakiwa na kampuni ya filamu, na mwaka 2011 Mahakama ya Juu ya Uingereza ikaamua kwamba chapeo ile si sanamu ya kulindwa kama kazi ya sanaa bali ni kifaa cha kuigizia filamu. Wanasheria walibishana sana kuhusu umbo. Waliozivaa walilalamikia macho: humo ndani mtu haoni miguu yake, na kwenye filamu yenyewe kuna askari anayejigonga kichwa mlangoni, mwongozaji akaiacha hivyohivyo.

Hapa kwetu aliyetutia wazimu ni RoboCop. Waliokuwa wakilipa shilingi kuingia vibanda vya video miaka ya tisini wanajua mwendo ule: kichwa kwanza, kisha mabega, kisha miguu. Tuliuigiza njia nzima kurudi nyumbani. Tulichokuwa hatujui ni kwamba mwendo huo ulitokana na tatizo la kipimo. Mwigizaji wake, Peter Weller, alikuwa amefanya mazoezi kwa miezi na mwalimu wa maigizo ya kimya, akiwa na mwendo laini wa nyoka. Vazi lililotengenezwa na Rob Bottin lilipofika, lilifika limechelewa, na alipolivaa hakuweza kufanya hata kimoja cha alivyojifunza. Kazi ikasimama, mwili na vazi vikaanza kujifunza upya pamoja. Filamu ikatoka mwaka 1987 na mwendo uliozaliwa na vazi lisilokubali.

Februari 2018 filamu ya Black Panther ilizinduliwa Kisumu, mji wa kina Lupita Nyong'o, mwendo mfupi tu kutoka Kericho ukishuka mteremko wa Awasi. Wekundu wa mavazi ya wanawake wapiganaji wa filamu hiyo ulitokana na Wamasai. Mbunifu wa mavazi hayo, Ruth Carter, hakuficha, na mwaka uliofuata akapata Oscar. Nadhani ndiyo siku vijana wengi wa huku walipogundua kwamba mavazi ya siku zijazo yanaweza kuwa na asili ya jirani. Nairobi walikuwa wameshaanza. Wanuri Kahiu alikuwa ametengeneza Pumzi mwaka 2009, filamu fupi ya dunia iliyoishiwa maji. Cyrus Kabiru, mzaliwa wa Nairobi, alikuwa akiokota waya na vizibo vya chupa na kuvigeuza miwani ya ajabu anayoiita C-Stunners. Alipokuwa mtoto alitamani miwani, baba yake akamwambia ajitengenezee. Kwenye NAICCON, maonyesho ya wapenzi wa vitabu vya katuni jijini Nairobi, vijana hujitokeza wamevaa magamba waliyoyakata kwenye sakafu za vyumba vya kupanga.

Magamba hayo ni povu. Jina lake la kiwandani ni EVA, na hakuna nyumba Kericho isiyokuwa nalo: ndilo soli la ndara, ndiyo mikeka ya watoto ya rangi rangi inayofungana kama fumbo. Ni jepesi, halinywi maji, na likipashwa moto hulegea, ukilikunja juu ya goti likapoa, linabaki na umbo la goti.

Tulinunua mikeka minane. Tukakata dirii kwa kufuata picha, tukaiunganisha, tukaipaka rangi. Ilipendeza mezani. Kijana alipoivaa hakuweza kukaa, hakuweza kuinua mkono, na chapeo ilimkaba masikioni. Alisimama sebuleni kama Daudi ndani ya mavazi ya Sauli.

Aliyetuokoa ni fundi viatu wa sokoni Litein. Aliigeuza ile dirii mara mbili mkononi, akauliza, "Mwalimu, mlimpima nani?" Tukamwonyesha picha. Alicheka mpaka akaweka sindano chini.

Alimsimamisha kijana kwenye kigoda, akamzungushia nailoni nyembamba kifuani na mgongoni, akaifunika yote kwa seloteipu ya karatasi, akachora juu yake kwa kalamu: mstari wa kwapa, mstari wa mbavu, mahali mwili unapokunjika ukikaa. Akaandika namba, akapasua ganda hilo kwa makasi na kulilaza mezani. Pale palipogoma kulala bapa alipachana, na kila mpasuko ukawa pembetatu ya kukatwa. Hiyo ndiyo siri yote. Mwili ni mviringo na povu ni bapa; pembetatu hizo ndizo hupatanisha viwili hivyo. Kisu kilinolewa kila baada ya mikato michache, maana kisu butu hutafuna povu badala ya kulikata. Gundi ya viatu ilipakwa pande zote mbili, ikaachwa mpaka isishike tena kidoleni, ndipo pande zikakutanishwa. Ukikosea hapo hakuna kurudi nyuma. Kazi hiyo aliifanyia nje, upepo ukimpiga usoni, na alimkataza kijana kusogeza pua. Sote tunajua gundi ile imewafanya nini watoto wa mitaani.

Dirii ikawa vipande sita badala ya viwili, vimeunganishwa kwa mpira wa mkanda na vifungo vya begi kuukuu. Chapeo akaiongezea upana wa vidole viwili, ndani akaweka vipande vya sponji kwenye paji na kisogo tu, masikio yapumue. Kuna watu Ulaya na Marekani wenye mashine za kuchapa plastiki na programu za kukunjua umbo lolote la kompyuta likawa ruwaza ya karatasi. Vinasaidia. Fundi wetu ana makasi na miaka mingi ya kutazama jinsi mguu unavyokunja kiatu.

Wakati tukimsubiri amalize, nilikumbuka hadithi zenyewe zilizozaa magamba haya. Katika kitabu cha Robert Heinlein cha mwaka 1959, na kwa Iron Man wa mwaka 1963, mtu huingia ndani ya mashine akatoka na nguvu za watu kumi. Kwenye mashamba yetu makubwa mashine ilikuja kwa njia nyingine. Watu wawili huishika huku na huku ya mstari, inanyoa kichaka kama kinyozi, na wale wengine waliokuwa wakivaa aproni wanabaki nyumbani. Mei 2023 hasira hiyo iliwaka Kericho, mashine kadhaa za kuchuma chai zikachomwa moto. Sijaona bado mwandishi wa sayansi ya kubuni aliyeliandika hilo.

Mvua ya mawe ilitukuta kibandani. Pande hizi ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa nayo mara nyingi zaidi duniani, na inapoanza huwa haina dibaji. Wachumaji watatu walikimbilia barazani, vikapu vichwani. Mpwa wangu, akiwa amevaa vyote, alitoka nje makusudi kusimama katikati ya barabara. Mawe yalimdunda kichwani na mabegani yakaruka kama mahindi kwenye kikaango. Aliporudi alikuwa akicheka humo ndani, sauti yake ikitoka kama redio iliyofunikwa blanketi.

Mama mmoja, aproni yake bado inachuruzika, alimgonga kifuani kwa kidole.

"Hii inaingiza maji?"

"Hapana, mama."

"Haya. Inama kama unachuma."

Aliinama. Kipande cha juu kilipanda kikamgonga kidevuni. Mama akamtazama fundi, naye fundi akachukua kisu chake tena.