Boriti za Rufiji na Dari za Ng'ambo

Msafiri aliyezoea kuitafuta tarehe ya Waswahili katika magofu ya mawe, kama yale ya Kilwa na ya Kaole, akifika katika delta ya Rufiji aghalabu hudhani kwamba amepotea njia, kwa maana hapa macho hayakutani na msikiti uliobomoka wala ngome iliyoota magugu, bali maji, tope jeusi na mikoko isiyo na ukomo. Lakini nchi hii nayo ni ya kale, ila ukale wake haukujengwa kwa jiwe; umo katika mti, na mti huo ulisafiri ng'ambo ukaenda kubeba dari za nyumba za watu wengine.

Barabara kuu iendayo Lindi na Mtwara, ikisha kupita Mkuranga, hufika Kibiti, mji wa korosho na nazi, makao ya wilaya iliyomegwa kutoka Rufiji. Mwenye kushika njia ya kusini huenda kulivuka daraja la Mkapa. Mwenye kukunja mashariki hushuka Nyamisati, bandari ya vyombo viendavyo Mafia, na hapo ndipo delta inapomfungukia. Mto uliozaliwa pale Kilombero na Luwegu zinapokutana, ukaongezewa maji na Ruaha Mkuu, hugawanyika mikono mingi kabla ya kuingia baharini, na kati ya mikono hiyo umesimama msitu wa mikoko wa hektari zipatazo 53,000, ulio mkubwa kabisa katika pwani ya Afrika Mashariki.

Kitabu cha Kigiriki cha karne ya 1, kielezacho safari za tijara katika Bahari ya Hindi, chautaja mji wa Rhapta, ulioitwa hivyo kwa ajili ya vyombo vyake vya mbao zilizoshonwa kwa kamba. Wataalamu wangali wakihojiana ulisimama wapi, lakini Profesa Felix Chami alipochimba Mkukutu, karibu na Kibiti, alipata shanga za kioo za Kirumi, ushahidi kwamba bidhaa za mbali zilifika huku karne nyingi kabla ya misikiti ya Kilwa kujengwa.

Tijara iliyodumu kuliko zote ilikuwa ya miti. Mkandaa hutoa mapau, na gome lake hutia rangi. Mchu huchongwa mitumbwi. Na mkoko wenyewe, mgumu usioliwa upesi na mchwa, hutoa boriti. Kila mwaka majahazi ya Oman, ya Uajemi na ya Kuwait yalishuka kwa kaskazi yakileta tende na chumvi, yakaingia delta kupakia boriti, zilizohesabiwa kwa korja, yaani miti 20, na kusi ilipoanza kuvuma yakarejea kwao yamesheheni. Mwaka 1939 Alan Villiers, baharia na mwandishi wa Australia, aliingia Rufiji katika jahazi la Kuwait la nahodha Ali bin Nasr al-Nejdi, akaziona taabu za mabaharia waliokata miti na kuipakia kati ya tope na mbu. Huko zilikokwenda, boriti hizo ndizo zilizopima nyumba: chumba hakikuweza kuwa kipana kuliko urefu wa mti, na ndiyo sababu vyumba vya kale vya Lamu, vya Unguja na vya Ghuba ni virefu na vyembamba.

Msitu huu uliwahi pia kuificha manowari. Baada ya kuizamisha Pegasus ya Waingereza katika bandari ya Unguja, tarehe 20 Septemba 1914, Königsberg ya Wadachi ilijibanza katika mikono ya mto upande wa Salale, ikajifunika matawi, na miezi mingi ikapita kabla haijaangamizwa tarehe 11 Julai 1915. Mizinga yake ilitolewa, ikaburutwa vitani bara. Mmojawapo leo umo Fort Jesus, Mombasa.

Walakini mwenyeji wa Rufiji haanzi na vita anapomsimulia mgeni habari za kwao. Huanza na maji. Furiko ndilo lirutubishalo mpunga, na ndilo liuchukualo; maji yakipungua hulimwa mlau katika unyevu uliobaki, na mkulima hulala katika dungu, juu ya nguzo, akilinda shamba na ndege na wanyama. Baada ya furiko la mwaka 1968 serikali iliwahamishia wengi nyanda za juu, katika vijiji vya ujamaa, lakini mashamba yao yalikuwa bondeni, nao wakayarudia. Mwezi wa Aprili 2024 maji yalikuja tena, yakafunika makazi na mazao ya Rufiji na Kibiti, na waliopoteza walistahili msaada kuliko lawama.

Mgeni akikaribishwa sinia la wali wa nazi na kamba, na afahamu kwamba kamba hao wamekulia katika mizizi ya mikoko, na kwamba msitu ukifyekwa, sinia litabaki na wali mtupu. Na yule alalaye katika nyumba ya kale ya Unguja, nampa ombi moja: kabla hajazima taa na ainue macho azihesabu boriti zilizo juu ya kitanda chake, kwani yamkini zilikatwa huku, na watu waliosimama topeni hata magotini.