Kutoka Kura Tatu hadi Viti Maalumu

Mpiga kura wa Tanganyika aliyeingia kituoni Septemba 1958 alipewa kazi ambayo mjukuu wake leo angeishangaa. Alitakiwa amchague Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, na akimruka hata mmoja wao, kura yake yote iliharibika. Wakati huo Waafrika walihesabiwa kwa mamilioni, na Waasia na Wazungu kwa pamoja hawakufika laki mbili. Hata hivyo viti 30 vya kuchaguliwa vya Baraza la Kutunga Sheria viligawanywa mafungu matatu yaliyolingana, kumi kumi. Wazee bado wanauita uchaguzi wa kura tatu.

Simulizi za uchaguzi ule huishia kwenye rangi. Kuna habari nyingine ndani yake, ya wanawake, na hiyo haijasimuliwa vya kutosha.

Turudi nyuma miaka mitatu. Mwaka 1955 mgeni kutoka chama cha Labour cha Uingereza, John Hatch, alifika Dar es Salaam, akawauliza viongozi wa TANU, chama cha kudai uhuru, wanawake wao wako wapi. Chama kilikuwa na umri wa mwaka mmoja, na swali lile liliwakuta hawana jibu. Schneider Plantan, mmoja wa wazee wa mji, alimjua wa kumwendea: Bibi Titi Mohamed, mwimbaji wa kikundi cha lelemama kilichoitwa Bomba. Elimu yake ilikuwa ya darasa la nne, lakini alikuwa na sauti, na zaidi ya sauti alikuwa na mtandao wa watu. Vikundi vya ngoma vya wanawake wa Pwani vilikuwa na viongozi wao, michango yao, sare zao na desturi ya kuitana kwa haraka. Bibi Titi, akiwa na wenzake kama Tatu binti Mzee, alipita kwa viongozi wa ngoma mmoja mmoja, na kadi za TANU zikaingia nyumbani kwa mlango wa uani. Mwanamume aliyeajiriwa serikalini alikatazwa kujiunga na siasa. Mama muuza maandazi hakuwa na mwajiri wa kumtisha.

Ndiyo maana masharti ya kura tatu yanauma ukiyasoma leo. Kujiandikisha kulihitaji kiwango fulani cha elimu, au kipato cha mwaka, au cheo kinachotambuliwa. Katika Tanganyika ya miaka ya 1950, ni wanawake wangapi wa Kiafrika waliokuwa na hata kimoja? Waliojaza viwanja vya Mnazi Mmoja na Jangwani, walionunua kadi kwa shilingi za vibarua na vitumbua, wengi wao walibaki nje ya daftari la wapiga kura. Kule Zanzibar hali ilikuwa ngumu zaidi, maana uchaguzi wa Julai 1957 ulikuwa wa wanaume peke yao.

Januari 1958 mkutano mkuu wa TANU ulikaa Tabora kuamua kama chama kisusie au kiingie. Mjadala ulikuwa mkali. Nyerere, kiongozi wa chama, aliwashawishi wajumbe waingie, na Zuberi Mtemvu akajitoa kwenda kuanzisha African National Congress. TANU ikaungana na Waasia na Wazungu walioiamini, ikaugeuza mtego wa rangi kuwa ngazi. Chama pinzani cha UTP, kilichopendwa na gavana Twining, kilishindwa vibaya.

Sasa tazama nani aliingia Baraza la Kutunga Sheria. Sophia Mustafa alichaguliwa kwa kiti cha Waasia upande wa Kaskazini. Lady Marion Chesham alipata kiti cha Wazungu. Wote wawili waliungwa mkono na TANU, na waliitumikia nchi kwa heshima. Lakini viti kumi vya Waafrika vilikwenda kwa wanaume kumi. Mgawanyo uliompa nafasi mwanamke wa Kiasia na wa Kizungu ulimwacha nje mwanamke aliyekibeba chama.

Mwaka 1960 rangi ilikuwa bado imo katika hesabu: kati ya viti 71, Waasia walitengewa 11 na Wazungu 10. Ilipofika 1965, chini ya chama kimoja, utaratibu huo ulikuwa umefutwa. Karibu kila jimbo liliwekewa wagombea wawili, mmoja kwa alama ya jembe na mwingine kwa alama ya nyumba. Kampeni ziliendeshwa kwa Kiswahili, na ilikuwa marufuku kuomba kura kwa misingi ya kabila, dini au rangi. Matokeo yalithibitisha kwamba inawezekana. Amir Jamal, Mwasia, alishinda Morogoro na Derek Bryceson, Mzungu, akashinda Dar es Salaam, wakichaguliwa na Waafrika, huku waziri mzito kama Paul Bomani akiangushwa Mwanza. Hilo ni jambo la kujivunia.

Katika uchaguzi huohuo Bibi Titi alishindwa Rufiji.

Sidai kwamba alishindwa kwa kuwa ni mwanamke tu, kwani mwaka ule wakubwa wengi walianguka. Ninachosema ni kwamba sheria ilikataza kumpima mgombea kwa rangi yake, lakini hapakuwa na katazo la kumpima kwa jinsia yake. Mtindo wa maisha ulibaki uleule: mume huulizwa kwanza, na vikao vya kuteua wagombea hujaa wanaume.

Miaka ishirini baadaye, dola yenyewe ilikubali kwamba wanawake hawatafika bungeni kwa wingi kwa njia ya jimbo pekee. Viti maalumu 15 vya wanawake vilitengwa katika uchaguzi wa 1985. Vyama vingi viliporudi, idadi ikawa asilimia 15 mwaka 1995, ikapanda hadi 20 mwaka 2000 na 30 mwaka 2005. Viti hugawiwa vyama vilivyopata angalau asilimia 5 ya kura halali za ubunge. Majimboni mwendo ulikuwa wa kinyonga: wanawake 8 walishinda mwaka 1995, na 17 mwaka 2005.

Wapo wanaovidharau viti hivi. Siwaungi mkono. Halima Mdee aliingia bungeni kwa mlango huo mwaka 2005, akalitwaa jimbo la Kawe mwaka 2010. Samia Suluhu Hassan alianza kwa kiti maalumu katika Baraza la Wawakilishi la Zanzibar mwaka 2000, akachaguliwa jimbo la Makunduchi mwaka 2010, na Machi 2021 akaapishwa kuwa Rais. Ngazi hii imewapandisha watu.

Kasoro iko kwa walioishika. Mbunge wa jimbo akikosea, wananchi humngoja kwenye sanduku la kura. Mbunge wa viti maalumu hutegemea wajumbe wa jumuiya na vikao vya chama, na jina lake halipo kwenye karatasi ya mpiga kura wa kawaida. Mfuko wa maendeleo wa jimbo hauko mikononi mwake. Na Katiba, ibara ya 51, inataka Waziri Mkuu atoke miongoni mwa wabunge waliochaguliwa majimboni.

Kwa hiyo njia ya juu ni jimbo, na huko wanaogombea kupitia vyama hushinda au hushindwa kabla ya siku ya uchaguzi, kwenye kura za maoni na vikao vya uteuzi. Hapo ndipo penye kazi. Vyama viwasimamishe wanawake katika majimbo vinavyojua vitashinda, visiwatupe kwenye ngome za wapinzani kisha kusema wananchi hawawataki. Tangu uhuru, nchi hii haijapata Waziri Mkuu mwanamke.