Chumba cha Mgeni Katika Nyumba za Lamu

Mwaka 1331 msafiri wa Kimaghribi, Ibn Battuta, alifika bandari ya Mogadishu, akaona desturi ambayo aliisimulia kwa urefu katika habari za safari yake. Chombo kilipokaribia nchi kavu, vijana wa mji walikiendea kwa mashua ndogo, kila mmoja amechukua sahani ya chakula iliyofunikwa. Kijana alimpa sahani yake mmoja wa wafanya biashara waliokuwamo chomboni, akatangaza kuwa huyo ndiye mgeni wake. Tangu hapo mfanya biashara hakuwa na ruhusa ya kushukia pengine ila nyumbani kwa mwenyeji wake, isipokuwa kama alikuwa mzoefu wa mji na mjuzi wa watu wake. Mwenyeji ndiye aliyemwuzia bidhaa alizozileta na kumnunulia alizozitaka. Mtu akinunua kwa mgeni kwa bei ya kumpunja, au akimwuzia kitu pasipo mwenyeji wake kuwapo, biashara hiyo ilihesabiwa kuwa batili. Ibn Battuta mwenyewe, kwa kuwa alikuwa mwanachuoni, hakuangukia mikononi mwa wafanya biashara. Alipokewa na kadhi, akalazwa katika nyumba ya wanafunzi.

Habari hii yafaa kukumbukwa na kila atakaye kuandika historia ya nyumba za kulaza wageni katika pwani ya Afrika Mashariki. Ni kosa kudhani kuwa biashara hiyo ililetwa na Wazungu waliokuja kuota jua. Mgeni alikuwa mtaji zamani sana kabla yao. Tofauti ni kuwa hakutozwa fedha kwa kitanda wala kwa chakula; faida ya mwenyeji ilitoka katika pembe, nguo na nafaka zilizopita mkononi mwake wakati mgeni akingoja upepo wa kurudia kwao. Na kungoja huko kulikuwa kurefu. Aliyekuja kwa kaskazi hakuweza kuondoka hata kusi liingie, na nyumba iliyompokea ilimweka kwa wiki nyingi, pengine kwa miezi.

Katika mji wa Lamu desturi hiyo ilijengwa kwa mawe. Nyumba kubwa za waungwana zilizosimama katika mtaa wa Mkomani, ambazo nyingi katika zilizobaki ni za karne ya 18, zina mpango ambao wachunguzi wengi wameueleza, miongoni mwao Usam Ghaidan aliyechapisha kitabu chake juu ya mji huo mwaka 1975. Mtu hutoka njiani akaingia katika daka, ambamo mna mabaraza mawili ya mawe. Hapo humalizika mazungumzo ya mtu asiye wa nyumbani. Baada ya mlango kuna tekani, ambayo hupinda ili macho ya mpita njia yasifike kiwandani. Kisha kiwanda chenyewe kilicho wazi juu. Kisha misana, mmoja nyuma ya mwingine. Na mwisho kabisa ndani, chumba cha mama wa nyumba, chenye ukuta wa zidaka zilizopangwa safu juu ya safu na kupambwa kwa chokaa iliyochongwa. Kadiri mtu anavyozidi kuingia, ndivyo nyumba inavyozidi kuwa nzuri na ndivyo anavyopaswa kuwa karibu zaidi kwa damu.

Mgeni hakupita njia hiyo. Katika nyumba nyingi alikuwa na ngazi yake, iliyoanza karibu na daka na kupanda mpaka chumba cha juu kiitwacho sabule. Humo alilala, alikula, aliweka mizigo yake na kupokea watu wake, akaweza kukaa msimu mzima pasipo kuuona uso wa mwanamke mmoja wa nyumba hiyo, ijapokuwa pilau aliyoila ilipikwa nao. Mwashi wa zamani alilitatua kwa ngazi moja jambo ambalo huwasumbua wenye nyumba za wageni hata leo, nalo ni jinsi ya kumweka mtu baki chini ya paa moja na watoto wa mtu.

Lakini nyumba hizo zilikuwa na njaa isiyoshiba. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, na chokaa hiyo hupatikana kwa kuchoma matumbawe juu ya biwi la magogo na kuizima kwa maji. Dari zimelala juu ya boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti imara haiwi ndefu sana, upana wa vyumba haukupita sana futi 9. Ndiyo sababu vyumba vya Lamu ni virefu na vyembamba kama ushoroba. Juu ya boriti kuna mawe na zege ya chokaa. Mvua ikipata ufa mmoja katika paa la namna hiyo, maji hushuka mpaka kwenye ncha ya boriti iliyozama ukutani, mahali pasipoonekana na mtu, na huko huanza kuoza. Boriti huvunjika siku moja, lakini ilikwisha kufa miaka mingi kabla. Kupaka chokaa, kuziba nyufa na kubadili boriti ni kazi isiyo na mwisho. Katika zama za neema ya mji kazi hiyo ilifanywa kwa mali ya biashara ya bahari, na kwa sehemu kubwa kwa mikono ya watumwa. Jambo hili aghalabu husahauliwa na wanaosifu uzuri wa zidaka.

Biashara ya majahazi ilipozidi kuhamia Mombasa, na utumwa ulipokomeshwa kwa sheria katika pwani ya Kenya mwaka 1907, nyumba zilibaki na njaa yake pasi na mlishaji. Mirathi nayo iliongeza uzito: nyumba moja iligawanywa kwa warithi kumi au ishirini, baadhi yao wakikaa Mombasa au Zanzibar, na hapana hata mmoja aliyekuwa na sehemu kubwa ya kutosha kumfanya anunue boriti kwa ajili ya wenziwe. Wengi waliacha paa la juu lianguke, wakakaa chini. Paa la chini likifuata, walihama. Magofu yaliongezeka katikati ya mji.

Hapo ndipo alipokuja mgeni wa kulipa. Mwaka 1967 hoteli ya Peponi ilifunguliwa kijijini Shela, na katika miaka iliyofuata vijana wa Ulaya na Marekani, wenye nywele ndefu na fedha chache, walianza kuwasili mjini. Hawakutaka makubwa. Walilala juu ya mapaa chini ya makuti, wakalipa shilingi chache, na wazee wa mji hawakupendezwa na mavazi yao. Hata hivyo shilingi hizo zilikuwa fedha ya kwanza baada ya miaka mingi iliyotoka katika nyumba yenyewe, wala si katika mshahara wa mtoto aliye Mombasa. Baadaye walikuja wageni wenye uwezo zaidi. Palikuwa pia na mapatano ambayo mgeni alichukua gofu kwa miaka kadhaa, akalitengeneza kwa gharama yake badala ya kodi, na muda ukiisha nyumba ilirudi kwa wenyewe ikiwa nzima. Mwaka 1986 mji wa kale uliwekwa chini ya hifadhi ya sheria, na mwaka 2001 UNESCO iliutia katika orodha ya urithi wa dunia.

Biashara hii ndogo, ya vyumba vitatu au sita, huonekana nyepesi kwa asiyeifanya. Shuka zafuliwa kwa maji yatokayo visimani, na maji matamu ya kisiwa hutegemea sana michanga ya vilima vya Shela. Yakitekwa kupita kiasi, ya chumvi huingia mahali pake. Saruji, chuma na magodoro hufika kwa chombo, kisha hubebwa na punda katika vichochoro. Makuti hayana budi kubadilishwa kila baada ya miaka michache. Na saruji yenyewe imekuwa adui aliyevaa nguo za rafiki: ni rahisi kuipata na hukauka upesi, lakini ikipakwa juu ya ukuta wa matumbawe huuzuia kupumua, unyevu na chumvi hufungwa ndani, na baada ya misimu michache plasta hubanduka na jiwe lake. Nyumba nyingi zilizotengenezwa kwa haraka ili ziwahi wageni wa Disemba zimetengenezwa mara ya pili kwa sababu hiyo. Nazo boriti si za kuchukuliwa tu. Amri ya kusimamisha ukataji miti iliyotolewa na serikali mwezi wa Februari 2018 iliwagusa wakata mikoko wa Lamu, na kupitia kwao iligusa kila paa lililokuwa likingoja zamu yake.

Badiliko kubwa kupita yote, walakini, limo katika mpango wa nyumba. Mgeni wa leo hapendi sabule peke yake. Amesoma juu ya zidaka, naye ataka kulala mbele ya zidaka. Kwa hiyo ndani, chumba ambacho mfanya biashara wa zamani hakukiona hata kwa mbali, mara nyingi ndicho chumba cha bei kubwa. Na nyumba ya kati, ambamo kwa desturi wanawake walijifungua na maiti walioshwa, yaweza kuwa bafu. Jamaa hawawezi tena kukaa humo pamoja na mgeni, maana hapana ngazi iliyobaki ya kuwatenganisha. Wengine hupanda sabuleni wao wenyewe. Wengine huhamia mitaa mipya nje ya mji wa mawe, wakaacha mwangalizi. Na nyumba isiyokaliwa na wenyewe ni rahisi zaidi kuuzwa kuliko iliyo na bibi ndani yake.

Tena mgeni wa kulipa hana sharti la upepo. Mfanya biashara wa kaskazi alikuja kwa sababu hakuwa na njia nyingine. Mtalii ana dunia nzima ya kuchagua. Mwezi wa Septemba 2011 mgeni mmoja aliuawa na mkewe akatekwa huko Kiwayu, na tarehe 1 Oktoba mwanamke mwingine alitekwa kutoka kisiwa cha Manda, ng'ambo tu ya mji. Serikali za Ulaya ziliwaonya raia wao wasije, na nyumba za Lamu zikanyamaza. Zilikuwa zikianza kupumua, yakatokea mauaji ya Mpeketoni mwezi wa Juni 2014, yakafuatwa na amri ya kutotoka usiku. Mwaka 2020 ulikuja ugonjwa wa korona. Katika kila kipindi hicho mvua haikungoja. Mwenye nyumba aliyekuwa na akiba alipaka chokaa chumba kitupu. Asiyekuwa nayo alisikiliza maji yakidondoka, akaanza kuwajibu wale wanaouliza bei ya nyumba nzima.

Mithali isemayo kuwa mgeni aje mwenyeji apone hutajwa sana na watu wa hoteli, na si ajabu. Lakini katika mwezi wa Mfungo Sita, msikiti wa Riyadha unaposoma Maulidi na majahazi na mabasi yakileta watu kutoka pwani yote na mbali zaidi, nyumba zile zile hufunguliwa kwa hesabu nyingine. Chumba chenye bei ya usiku mmoja hujaa mikeka na jamaa wa mbali, ambao kuwatoza kitu kungekuwa aibu ya kutosahaulika. Wanawake hupika tangu alfajiri. Sufuria huazimwa kwa jirani, na mwenye nyumba hulala barazani dakani, juu ya jiwe, mpaka wageni hao waondoke ndipo ampeleke fundi juu kutazama boriti.